Lenzi Ndefu kwa Harusi ya Zunaira

Jumanne, 6 Desemba

Nimepata njia! Shangazi Sajida amekuja kunywa chai na kutangaza kwamba kwenye harusi ya binti yake, Zunaira, mpiga picha mwanamume hataingia ua wa wanawake. Mume wa Shangazi amekula yamini. Anatafutwa msichana wa kushika kamera.

Msichana huyo ni mimi. Lazima niwe mimi. Asiye na kazi harusini huvalishwa nguo ya waridi na kukalishwa mstari wa mbele, kina mama wenye watoto wa kiume wamkague kama mbuzi wa Idi. Nimemaliza shule, kisingizio cha mtihani kimekwisha. Lakini aliye nyuma ya kamera hatazamwi. Anatazama yeye.

Tatizo: sina kamera. Baba aliahidi zawadi nikifaulu. Nimefaulu. Nimemkumbusha kwa kuacha cheti karibu na sahani yake. Ameweka kikombe juu yake.

Tatizo la pili: Rumaisa, mdogo wake Zunaira. Ana simu mpya na mdomo wa zamani. Alisema mbele ya wote, "Nudrat apige picha za watu? Huyo hata mgeni akibisha hodi hujificha jikoni!"

Uongo. Hujificha ghalani.

Jumatano, 7 Desemba

Baba amekubali. Kamera moja, lenzi moja, basi. Kamera ya kuanzia, amesema, si ya kumalizia.

Nimesoma mtandaoni kutwa. Kumbe kamera zenyewe za kuanzia zinafanana kama mapacha. Vita viko kwenye lenzi. Kuna fupi ya kawaida, huuzwa pamoja na kamera: inachukua chumba kizima, ila lazima usogelee watu. Kuna ile isiyovuta wala kurudisha, ya kupigia sura, inayofanya nyuma ya mtu kuwe na ukungu mzuri: nayo lazima usogelee watu. Halafu kuna ndefu. Mwenye ndefu anapata kope za bibi harusi akiwa nyumba ya tatu!

Nimeshindwa kukaa. Nimezunguka paani mpaka Mama akauliza kama nimepoteza kitu.

Alhamisi, 8 Desemba

Dukani. Baba alibaki nje akila halwa. Mzee Sibtain, mwenye duka, alinipa kamera ya mtumba niipime mkononi. Nzito kidogo, safi, kidole kinafika pa kubonyeza. Akauliza nitapiga picha za nini. Nikaielekezea kidole lenzi ndefu. Akacheka, akauliza kama ni picha za ndege. Nikatikisa kichwa kukubali, maana ndilo lilikuwa jibu fupi.

Akanisihi. "Binti yangu, kama ni za nyumbani chukua hii fupi. Hiyo ndefu chumbani itakuonyesha pua tupu." Nikatikisa kichwa tena kwa adabu. Akadhani nimekubali, akaanza kuifunga fupi. Ilibidi niikumbatie ile ndefu kwa mikono miwili mpaka akaelewa.

Wenye maduka wanajua bidhaa. Hawajui hali za watu.

Jumapili, 11 Desemba

Mazoezi. Sebuleni lenzi inanguruma, inakwenda mbele na nyuma, inakataa kumwona Bibi. Nimerudi kinyumenyume hadi uani ndipo nikapata sikio lake. Sikio safi sana! Kila unywele! Bibi ameuliza lile la pili litapigwa lini.

Nikapanda paani. Huko ndiko kwenyewe. Nikapiga njiwa wa jirani, mmoja mmoja. Jioni jirani akaja kufoka kwamba mtu anachungulia kwake kwa bomba. Baba akaapa kwamba anayepigwa picha ni njiwa tu, si watu. Jirani akazidi kuwaka: bora wangekuwa watu! Njiwa wake ni wa mashindano na anawajua wapelelezi.

Nilisikiliza yote kutoka ghalani.

Ijumaa, 16 Desemba

Siku ya hina. Msiba.

Wanawake walijaa chumbani kama mchele guniani. Nikarudi nyuma, nikatoka mlangoni, nikavuka ua, nikakanyaga sinia la hina, nikaishia paani. Nimepata kiganja. Nimepata jino la dhahabu, sijui la nani. Nimepata nusu ya Zunaira. Rumaisa na simu yake alipata chumba kizima, wote wanacheka. Ovyo. Kila mtu anaweza kupata wote!

Shangazi alitazama picha zangu, akauliza kwa upole hilo ni goti la nani. Kisha akasema kesho ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nikiharibu, kazi ni ya Rumaisa, nami nguo ya waridi. Imekwisha kupigwa pasi. Nimeiona.

Jumamosi, 17 Desemba

Harusi! Nilikuwa paani kabla ya msafara kufika. Bwana harusi alipoletwa ua wetu kuketi na mkewe, akavua viatu. Wasichana wetu wakaviiba mara moja, kama ada, asivipate mpaka avikomboe kwa zawadi. Rumaisa akapita navyo nyuma ya jiko na kuvizika kwenye pipa la unga. Nikampata! Mkono wenye bangili, kiatu cha nyuzi za dhahabu, vumbi la unga likielea juani. Picha bora ya maisha yangu.

Nikashuka kubadili betri. Kwenye ngazi, dada mmoja mpole akanisalimu. Arfa, dada wa bwana harusi. Akasema hii ndiyo kamera ya kweli, si visimu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo! Nikamwonyesha picha ya kiatu. Akaomba niikuze. Nikaikuza mpaka maandishi ya pipa yakasomeka. Akasema mashallah, akaondoka mbio.

Punde bwana harusi akasimama amevaa viatu vyake, vyeupe kwa unga. Upande wao ukapiga vigelegele. Rumaisa akaangua kilio: hakuna mwanadamu aliyemwona! Nilimhurumia. Ili kumfariji nikamwonyesha picha. Akauliza nani mwingine ameiona. Nikamjibu kwamba Arfa ameipenda sana.

Nguo ya waridi inabana kwapani.

Jumapili, 18 Desemba

Rumaisa hasemi nami. Shangazi anasema nami mno.

Lakini mchana Arfa amekuja na mama yake na halwa! Kaka yao mwingine anaoa Februari, huko Bahawalpur, na mpiga picha wanayemtaka ni mimi, hakuna mwingine. Wanathamini kazi hata wametoa masharti kama watu wa sanaa: nisikae nao, nikae upande wa bibi harusi kutwa nzima, juu paani, na kila picha Arfa aione kwanza.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Furaha, nadhani.

Nasikia paa la huko liko mbali na ua. Kesho naenda kwa Mzee Sibtain kuulizia lenzi ndefu kuliko hii.