Mashine ya Mahudhurio Haiamini Kwamba Nipo

Kwa Ndugu Meneja,
Karakana ya Kujalidi Vitabu

Shikamoo. Mimi ni yule binti wa majaribio, wa meza ya gundi. Huenda hunikumbuki, nami sikulaumu, kwa kuwa hilo ndilo lalamiko lenyewe. Jana nilipokea barua isemayo kwamba sijafika kazini hata siku moja, na kwamba Ijumaa nafasi yangu atapewa mtu anayefika. Kwa heshima zote, nafika. Naomba nieleze:

1. Mashine ya alama za vidole husoma vidole vya wote. Nikiweka changu husema "Jaribu tena" kwa sauti ya mwalimu aliyekata tamaa. Nimejaribu tena siku kumi na moja. Mlinzi huniuliza, "Mwanangu, leo pia hujaja?"

2. Mlango unaojifungua wenyewe haunifungukii. Jumatatu ulimfungukia paka. Nilipita nyuma yake, nikamshukuru.

3. Nimelifanyia jambo hili utafiti. Mashine hizi hazipimi mwili, zinapima kujiamini. Paka anajiamini mno. Dada wa stoo, ambaye huja akifoka kwenye simu, hufunguliwa akiwa bado hatua kumi. Mimi nikigonga kiti hukiomba radhi, basi mashine inahesabu hewa tupu.

4. Kama sikuwepo, basi vitabu mia mbili na sita vya mezani kwangu vimejijalidi vyenyewe. Tena, Ndugu Meneja, utamfukuzaje mtu asiyekuwepo? Kwanza itabidi umpate.

Naomba mashine ifundishwe adabu. Ikishindikana, paka aajiriwe, awe ananiingiza asubuhi.

Nisalimie wote ofisini, hasa mama wa chai, ambaye hunipa kikombe bila kukagua kidole.

Wako mtiifu, na niliyepo,
Binti wa meza ya gundi

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Nilipokuwa naifunga, utando wa gundi kavu ulibanduka kidoleni kwangu, laini kama plastiki. Kumbe siku zote mashine ilikuwa inasoma gundi! Mlinzi naye anasema mlango huangalia katikati, na mimi hupita nimejibana ukutani. Nimekimbia kujaribu kidole. Mashine imetangaza "KARIBU KAZINI!" hadi stoo wakasikia. Watu wote wamegeuka. Mlinzi amepiga makofi, dada wa stoo akapiga vigelegele. Ndugu Meneja, nakusihi, kazi niachie, ila kwenye mashine niache tu nisiwepo. Nitafika kila siku.