Gasketi ya Mama Paskalina

Yotamu wa Mbalizi hakuwahi kufungua injini hata moja maishani mwake, ndiyo maana mikono yake ilikuwa safi kama ya karani wa boma. Alichokuwa nacho ni mdomo, kofia ya bluu, Ford Prefect nyeusi aliyoipenda kuliko ndugu zake wote, na neno moja: gasketi.

Neno hilo aliliokota kwenye gereji moja mjini Mbeya. Fundi alikuwa akimwambia mwenye lori, "Gasketi ya hedi imeungua," na yule mwenye lori, mtu mzima na ndevu zake, akaketi chini vumbini akashika kichwa. Loh! Yotamu akashangaa kwamba neno moja tu linaweza kumkalisha mtu mzima chini. Akadodosa. Akaambiwa gasketi hukaa kati ya injini na kifuniko chake, kazi yake kuzuia maji na oili visikutane. Ikiungua vinakutana, na oili inakuwa nyeupe kama uji. Hakuuliza zaidi. Elimu hiyo ilimtosha, na tangu siku hiyo akajiita mtaalamu.

Utaalamu wenyewe ulikuwa hivi. Alitafuta gari la zamani ambalo injini yake imefanyiwa ovahoo, yaani imefunguliwa yote na kufungwa upya, kwa sababu mwenye gari la namna hiyo huwa na wasiwasi usiku na mchana. Ndani ya leso yake alificha oili iliyokorogwa na uji wa mahindi. Aliomba kulitazama gari, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kwenye leso, na hapo msiba ukaanza. Mwenye gari aliuza kwa bei ya chuma chakavu, Yotamu akalivuta mbali, akalifuta, akaliuza zima. Sharti lilikuwa moja tu: "Usiliwashe! Ukiliwasha litapasuka!" Maana likiwashwa lingenguruma vizuri, na biashara ingeishia hapo.

Mwezi wa Agosti 1956, Prefect ikinyata kwenye mtaa wa Kihesa, Iringa, Yotamu aliona kitu kilichomfanya akanyage breki mpaka kofia ikamwangukia puani. Chini ya kibanda cha nyasi ilisimama Chevrolet kubwa ya kijani, imeng'arishwa mpaka kuku walikuwa wakijitazama kwenye bampa.

"Kamwene, mama," alisema akivua kofia.

"Kamwene, bwana. Karibu," alijibu mwanamke aliyekuwa akichuja ulanzi, pombe ya mianzi.

Huyo alikuwa Paskalina. Marehemu mumewe, Silvester, alikuwa dereva wa mzungu wa tumbaku, na mzungu alipofunga shamba alimwachia gari hilo likiwa maiti. Silvester alilifungua, akaanza kulifufua, akafa kabla hajamaliza. Paskalina, ambaye ndiye aliyekuwa akimshikia spana, aliendelea kununua kipuri kimoja kimoja kwa fedha ya ulanzi. Gari hilo likitembea, lingebeba abiria wa sokoni na binti zake wawili wangerudi shule. Lisipotembea, basi.

"Mama, mimi ni mtaalamu wa injini," alisema Yotamu. "Nilikuwa napita tu, lakini pua yangu imenisimamisha. Nasikia harufu ya gasketi."

"Gasketi inanuka?"

"Ikiwa mgonjwa, sana."

Akafungua boneti kwa heshima zote, kama mtu anayemfunua marehemu. Akachomoa kijiti, leso ikapita, akakiinua juu. Uji mweupe ukadondoka.

"Mwe! Pole, mama. Gasketi imeungua. Gari hii imekufa."

Paskalina alikitazama kijiti muda mrefu. Akauma pindo la kanga yake. Yotamu akaona mambo yameiva.

Sasa, ndugu msomaji, kuna jambo dogo ambalo mtaalamu wetu hakulijua. Injini ile haikuwa imetiwa oili hata tone. Wala maji. Fundi Saulo alikuwa amemwambia Paskalina asitie kitu chochote mpaka yeye arudi kutoka Dodoma kuja kuifunga. Uji ungetoka wapi?

Paskalina akajifuta mdomo kwa kanga. "Karibu ndani, mtaalamu. Upate chai."

Yotamu akaingia, akaketi kwenye kiti cha heshima. Ukutani juu ya kichwa chake palikuwa na picha ya Bikira Maria, na pembeni yake, likining'inia kwenye msumari, bamba refu jembamba la shaba lenye matundu makubwa sita yaliyopangana, limefungwa utepe mwekundu.

"Pambo zuri hilo, mama," alisema Yotamu akipuliza chai.

"Ee. La marehemu," alijibu Paskalina, na akakohoa sana. Hiyo ndiyo ilikuwa gasketi ya Chevrolet. Iliagizwa Nairobi, ikasubiriwa miezi minne, ikatundikwa pale isije ikapinda. Kifuniko cha injini kule nje kilikuwa kimewekwa juu ya karatasi tu, panya wasiingie.

"Hebu nieleweshe," alisema Paskalina. "Injini ikishafanyiwa ovahoo, kwa baridi yetu hii ya Iringa, inatiwa oili namba ngapi?"

"Tisini!" Yotamu hakusita. "Nzito, mama, nzito kabisa. Injini iliyozaliwa upya inataka chakula kizito."

Namba tisini ni oili ya giaboksi, nzito kama asali. Ukiitia kwenye injini mpya, asubuhi ya Kihesa hendeli ya kuwashia haigeuki hata ukiita mtaa mzima. Paskalina akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Basi imekufa kweli. Nitafanyaje, mwanangu?"

"Nitaichukua mimi, kwa huruma tu. Shilingi mia mbili, nikishauza chuma chake."

"Fedha nitailewa huzuni ikinizidi. Mimi nataka gari, hata kadogo. Nipe hako keusi, wewe chukua hili."

Yotamu alihisi kisu moyoni. Prefect yake! Aliisugua kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Lakini Chevrolet ile ingenunua Prefect tatu. Tamaa na mapenzi vikapigana kifuani mwake, na mapenzi hayakuchukua dakika moja yakalala chali.

"Haya, kwa kuwa ni mjane," alisema, na machozi yakamtoka. Ya kweli, jamani.

"Tuandikiane," alisema Paskalina. "Wewe andika, una mwandiko wa kisomo."

Yotamu akaandika mbele ya majirani wawili: *Mimi Yotamu nimepokea Chevrolet ambayo gasketi yake haifanyi kazi, nimeitazama mwenyewe, nimeridhika, nimetoa Ford Prefect.* Akatia sahihi yenye mikia mitatu.

"Uiwashe tukusindikize?" Paskalina aliuliza kwa upole.

"Hapana! Itapasuka!"

Ikabidi akodi vijana sita waisukume. Waliisukuma mpaka ng'ambo ya mteremko, mahali ambapo Paskalina hakuweza kuona, wakachukua shilingi zake za mwisho wakaondoka. Yotamu akajaza maji kwenye rejeta huku akipiga mbinja, akatia oili, akashika hendeli, akazungusha. Injini ikatoa sauti ya mtu anayesukutua. Akazungusha tena. Maji yakaruka kutoka ubavuni mwa injini, yakamlowesha kofia, shati na uso.

Mpita njia mmoja mwenye baiskeli alisimama, akachungulia. "Bwana, hii haina gasketi."

"Imeungua?"

"Haipo."

Yotamu alirudi Kihesa kwa miguu, anachuruzika maji.

"Mama, umeniibia! Gari haina gasketi!"

"Sisi si tumeandikiana?" Paskalina akaikunjua karatasi. "Haifanyi kazi, umeitazama mwenyewe, umeridhika. Itafanyaje kazi ikiwa ukutani?"

Yotamu akainua macho. Bikira Maria alimtazama. Bamba la shaba pia.

"Ile ndiyo...?"

"Ile ndiyo. Ulikaa chini yake ukanywa chai yangu." Sauti ya Paskalina ikabadilika. "Uliponiambia gari ya Silvester imekufa, nilitaka kukupiga na chungu. Miaka mitatu nauza ulanzi kwa ajili yake. Ukitaka, twende polisi, ukawaeleze uji ulitoka wapi."

Yotamu hakutaka polisi. Alitaka kwenda kwao. Kwa hiyo Chevrolet ikarudi Kihesa, na Paskalina akampa nauli ya lori mpaka Mbeya, na bilauri moja ya ulanzi juu yake, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Prefect ilibaki kwa Paskalina, na tayari kuku alikuwa amepanda juu yake.

Asubuhi iliyofuata Yotamu alikaa juu ya magunia ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ndani ya lori la kwenda Mbeya. Kabla ya kufika Makambako lori likaanza kukohoa mlimani, moshi mweupe ukatoka. Dereva, mtu wa miraba minne aitwaye Jailos, akasimama, akafungua boneti, akachomoa kijiti. Kilikuwa cheupe, kinadondoka.

Yotamu akaruka chini. Akakitazama. Hakikupita kwenye leso ya mtu yeyote. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona ugonjwa wenyewe, na moyo ukamdunda kwa furaha ya ajabu, kwa maana leo alikuwa na ukweli mkononi.

"Ndugu," alisema, "gasketi imeungua. Usiliwashe, utaiua injini!"

Jailos akageuka taratibu. Akaitazama kofia ya bluu.

"Kumbe ndiye wewe! Jana soko zima la Iringa limecheka mpaka likalia. Tapeli wa gasketi! Unalitaka na lori langu?"

"Kweli tupu, naapa..."

Begi la Yotamu likatupwa barabarani. Lori likawashwa, likaondoka kwa moshi.

Yotamu akatembea. Baada ya maili mbili akalikuta limesimama pembeni, linafuka, na Jailos ameketi chini vumbini, ameshika kichwa.

"Ee bwana!" Jailos aliita kwa unyonge. "Hebu njoo. Ulisema injini yangu ina nini?"

Yotamu akashusha kofia mpaka machoni.

"Mimi? Mimi sijui injini, ndugu yangu," alisema, na huo ulikuwa ukweli wake wa pili siku hiyo. Akaendelea na safari yake kwa miguu.