Chupa Mbili za Meno

Jumatatu, 14 Julai

Lillian, umefika mwishowe! Tangu Pasaka hujakanyaga hapa, na unakaa Busia ya Kenya, ng'ambo ya geti la mpaka tu. Kuku wangu wanavuka kuliko wewe. Kaa usome daftari hili nililokuwekea. Herufi alinifundisha katekista, sikukanyaga darasa, basi usicheke.

Mjukuu wetu Mugeni amejifungua msichana. Jumapili bibi mkubwa wa boma atampa jina. Bibi mkubwa ni mimi! Lakini Felistus, mke mwenzangu, kasema mbele za watu eti nilitangulia kuolewa tu, kuzaliwa alitangulia yeye. Anataka jina la mama yake, Loy. Mimi nataka Nanjala, dada yako tuliyemzika mdogo. Sijamwambia mtu. Nikikosa safari hii, nani tena atamtaja? Na mzee wetu Ojiambo alikufa bila kusema nani mkubwa kati yetu. Mjanja yule.

Jumanne, 15 Julai

Binti yako Juliet katoka chuo, Busitema. Kasema mzizi wa jino unaweka miaka kama shina la mti, na hadubini yao inaionyesha. Nikamwambia aache uongo. Kaapa! Basi meno yapo. Mwezi wa nne mimi na Felistus tuling'olewa siku moja, kila mmoja akaondoka na lake kwenye leso, asije mbaya wake akaliokota. Juliet kayatia kwenye vichupa viwili, kaandika majina.

Felistus katoa lake upesi, anacheka. Anayecheka hivyo miaka anayo.

Jumatano, 16 Julai

Juliet alipoingia kuoga, nikabadilisha. Langu kwenye chupa ya Felistus, lake kwangu. Mungu anaelewa. Kazi safi!

Ijumaa, 18 Julai

Busitema. Sijui niandikeje.

Juliet alikata jino likawa jembamba kuliko ganda la kitunguu. Akaniinamisha kwenye hadubini, chupa ya Felistus kwanza. Yaani langu. Niliona kope zangu mwenyewe. Halafu mwanga. Halafu mistari! Myeusi, myeupe, myeusi, kama mkeka wa mtu asiye na haraka. Kitu nilichotafunia muhogo! Kila mwaka na mstari wake, hakuna uliorukwa. Nani alikuwa akiandika humo, nami nimelala?

Juliet akaonyesha mstari mmoja mzito. Akasema hapo mwenye jino aliteseka, pengine njaa, pengine uzazi. Akahesabu kurudi nyuma. Ukaangukia mwaka wa ile njaa kubwa, nilipomzaa Nanjala huku nakula majani. Mtoto wangu yumo! Miaka yote hii nimetembea naye mdomoni.

Felistus akainama, akaangalia muda mrefu.

Ndipo Juliet akatoa hesabu. Felistus, kama sabini na sita. Kukhu Benedeta, yaani bibi yake mimi, sabini na moja.

Mimi ndiye mkubwa! Nimejiibia mwenyewe, na siwezi kusema!

Jumapili, 20 Julai

Felistus akasimama na mtoto. Nikafumba macho nisisikie hiyo Loy.

"Huyu ni Nanjala," akasema.

Nikalia mbele ya padri. Felistus akaninong'oneza kwamba mwaka wa njaa ile yeye alikuwa msichana kwao Lumino, anakula samaki mpaka anawachagua. Mstari ule si wake, ni wa Nanjala.

"Siku nyingine ukiniibia miaka, Mama Lillian, niachie jino langu."

Nikamkumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefikiri sana. Kosa ni moja: nilibadilisha kabla ya kuhesabiwa. Yahesabiwe kwanza, ndipo mtu abadilishe.

Krismasi kanisa litachagua bibi mkubwa wa kukata keki. Juliet kasema hata nywele zinatazamwa pale chuoni. Nimeshaokota tatu kwenye kitana cha Felistus, zihesabiwe kwanza.

Ukija tena, Lillian, niletee unywele wa kikongwe yeyote wa huko niuite wangu, umefungwa kwenye karatasi. Na samaki wawili. Wa Felistus awe mkubwa kuliko wangu. Usimwambie nani kasema.