Kanga Yangu Kwenye Mechi ya Kuaga Uwanja

Jamani, mwenzenu leo nimepatikana. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani hapa Troyeville, huku ugenini, mlango nimeukomea kwa ndani, na sebuleni wanairudia video kwa mara ya sijui ngapi. Nawasikia wanavyocheka. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Mnajua mume wangu, Baba Zuhura, anacheza besiboli. (Ndiyo, mtu wa Tanga. Nyamazeni.) Alianza kama mlinzi wa getini kwenye ule uwanja mkongwe upande wa Kensington, wenye mabenchi ya mbao. Siku moja timu ya nyumbani ikapungukiwa mtu, wakamwita ajaze nafasi, na mkono uliozoea kupopoa mabibo utotoni ukarusha mpira mpaka wenyewe wakashika vichwa. Tangu siku hiyo hajatoka. Nami nikawa naenda naye kila Jumamosi na ndoo yangu ya mandazi na chupa ya chai ya tangawizi. Wachezaji wote wananiita Mama, hata wenye mvi.

Sasa uwanja wenyewe unavunjwa. Wiki ijayo matingatinga yanaingia, unajengwa mpya, wa taa na viti vya plastiki. Leo ilikuwa mechi ya mwisho, na tulicheza na watu wa Turffontein, watani wetu wa siku nyingi. Jamani, nilikuwa na furaha! Nimepika kama kuna harusi. Dera jipya, kanga begani, wanja machoni. Mama Gloire, jirani yangu Mkongo mwenye saluni, akaniuliza kama naenda kuaga uwanja au naenda kuolewa tena. Naye akafunga saluni, akaja.

Tulivyofika tu, kapteni wetu, mzee mmoja mwalimu wa shule, akaniita mbele ya watu akanikabidhi fulana ya timu. Ya bluu, ya kwangu kabisa. Akasema leo sikai kwenye mabenchi, nakaa ndani ya kibanda na wachezaji. Machozi yalinitoka, sifichi. Miaka yote niliyokaa nchi hii, kila ninapokwenda naulizwa nimetoka wapi na narudi lini. Leo naambiwa kaa hapa, hapa ni pako. Nikaivaa juu ya dera papo hapo, nikapiga kigelegele mpaka timu ya wageni ikageuka.

Mchezo wenyewe, tuseme ukweli, siuelewi. Ninachojua ni hiki: mtu anaupiga mpira kwa rungu, anakimbia kupita kona tatu, anarudi kukanyaga kibamba cheupe pale alipoanzia. Akifika, pointi. Wakimgusa na mpira kabla hajafika, ametoka. Basi. Mengine yote napiga makofi wenzangu wakipiga.

Mechi ikaenda sare mpaka zamu ya mwisho, na anayeingia kupiga ni Baba Zuhura. Mama Gloire kule kwenye mabenchi akaanza kuomba kwa sauti. Mpira ukaja, Baba Zuhura akautandika. Ukaenda, ukaenda, ukagonga uzio wa mwisho kabisa! Uwanja mzima ukasimama. Watu wanakanyaga yale mabenchi kwa miguu, vumbi linapanda, na mume wangu anakimbia kitambi mbele, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na kona ya tatu iko mbele ya kibanda chetu.

Sasa nyie watu wa kwetu mtanielewa. Mtu wako aking'ara, unamtunza. Taarabu ikikolea nani anasubiri wimbo uishe? Unainuka hapo hapo, unamfuata mwimbaji katikati ya ubeti, unamfuta jasho, unamvisha kanga. Anayekaa mpaka mwisho ndiye mwenye roho mbaya. Miguu yangu ikanyanyuka yenyewe.

Nikatoka kibandani na vigelegele vyangu. Nikamkuta Baba Zuhura hatua chache tu kutoka kwenye kibamba cheupe. Nikamvisha kanga. Nikaifunga vizuri (mimi sifanyi kitu nusunusu), nikaanza kumfuta uso kwa pindo. Alikuwa anasema kitu humo ndani ya kanga, nikadhani ni asante.

"Mama Zuhura, niache nifike."

Mpaka nimwelewe, mdakaji wa Turffontein ameshaupokea mpira. Kijana mwenye adabu zake. Akamgusa mume wangu begani, juu ya kanga, taratibu, kisha akaniomba radhi mimi.

Nilisikia sauti moja tu, ya binti yangu Zuhura, simu mkononi, anarekodi: "Eish, Mama."

Mwamuzi akaja, na kapteni naye mbio. Nimeelezwa baadaye garini kwamba mambo yalikuwa bado hayajaharibika. Kama aliyeingia uwanjani ni mtazamaji tu, mwamuzi angeweza kumpa Baba Zuhura pointi yake na ushindi ukawa wetu. Kama ni mtu wa timu, mchezaji ametoka. Mimi hayo nitayajulia wapi? Nilichoona ni mwamuzi ananigeukia na kuniuliza kwa upole, "Mama, wewe ni wa timu hii?" Na nyuma yake kapteni anatikisa kichwa. Anakitikisa kweli kweli.

Nikahisi kuchomwa kisu. Asubuhi kanipa fulana mbele ya watu, mchana ananikana? Na mandazi yangu yote yale? Mama Gloire alikuwa amepanda juu ya benchi, anapunga mikono yote miwili. "Sema non, Mama Zuhura. Sema non." (Kwao ndiyo hapana. Nikajiuliza, hata huyu?) Nikaivuta fulana yangu mbele ionekane vizuri, nikajibu kwa sauti ya kufika mtaa wa Bertrams.

"Mimi ni wa timu hii. Muulize yeyote."

Mwamuzi akainua ngumi. Ametoka. Ikaongezwa zamu nyingine, Turffontein wakapata pointi, sisi hatukupata kitu, wakaondoka na ushindi wa mwisho wa uwanja wetu. Nilitamani matingatinga yaje leo leo, yaanze na mimi.

Baadaye kapteni akasimama kuaga. Watu wakapapasa yale mabenchi, wengine wakalia waziwazi, na mimi nilikuwa nalia kwa sababu zangu. Kisha akatangaza kwamba kwenye ramani ya uwanja mpya ataomba kiongezwe kitu kimoja: geti mbele ya kibanda cha wachezaji, na komeo lake liwe kwa nje. Shingo zote zikanigeukia. Baba Zuhura, kanga yangu bado begani, ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kapteni akasubiri wanyamaze, akamalizia kwamba Mama atakaa humo ndani na timu yake, hilo halina mjadala.

Kwa hiyo msinicheke. Wengine wakitaka kukumbukwa kwenye uwanja mpya wanasubiri jina lao liandikwe ukutani. Mimi najengewa geti.