Injini ya Maji Mbele ya Wageni wa Nairobi

Nimeaibika leo, hapa kwetu Kibugu, na mama yangu akiwa anaona. Wacha niwaambie mwenyewe kabla msikie kwa majirani.

Mnajua nimekuwa nikitengeneza injini ndogo ya kusukuma setilaiti. (Kama hukujua, ndiyo sababu sionekani wikendi.) Setilaiti ikiwa huko juu lazima isukumwe kidogo mara kwa mara, irudi kwa njia yake ama ikwepe takataka zinazoelea. Mafuta yanayotumika sana ni sumu, na bei yake si ya watu kama sisi. Injini yangu inatumia maji. Yanachemka, mvuke unatokea kwa katundu kadogo, setilaiti inasogea. Basi.

Wageni wa leo walitoka kwa maabara ya Nairobi iliyo na chumba kisicho na hewa, cha kujaribia vitu vya angani. Wakiipenda injini, wangeniruhusu niijaribu huko. Wakiikataa, narudi kutengeneza pampu za visima.

Tangu asubuhi sikutulia. Nilikaza skrubu, nikazilegeza, nikazikaza tena. Nilitembea kutoka stoo ninamofanyia kazi hadi kwa geti mpaka mama akasema, "Wawira, kaa chini. Unanizungusha kichwa."

Sikukaa. Nilichemsha maji nikayatia kwa thamosi, ili betri yangu isiteseke kuyapasha kutoka baridi. Nikaiweka mezani pale stoo. Mama naye akaleta thamosi ya chai ya wageni, akaiweka kando yake. Zote mbili ni nyekundu. Zilinunuliwa siku moja.

Wageni wakafika saa nne: Injinia Nafula, mama mpole wa miwani, na mwenzake Otieno, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Nikaanza kueleza bila kupumua. Huku naeleza, mkono ukachukua thamosi, ukajaza tangi. Sikuangalia. Macho yangu yalikuwa kwa uso wa Injinia Nafula, nione kama ananiamini.

Mama akawasogezea thamosi iliyobaki. "Karibuni chai, jisaidieni," akasema, akakimbilia jikoni kuleta nduma za kuchemsha.

Wakamimina. Otieno akaangalia kikombe chake, akamwangalia bosi wake. Bosi akanywa kidogo, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. (Nilidhani ni injini imemfurahisha.)

Nikawasha. Kisanduku changu kilikuwa kinaning'inia kwa kamba kutoka kwa boriti, na sisi tumesimama mbali kidogo. Kwa kawaida kinaanza kuzunguka baada ya dakika nne. Dakika nne zikapita. Sita.

"Huwa imeanza," nikasema.

Nikachukua fimbo ndefu nikakigonga. Kikatetemeka. Halafu valvu ya usalama, inayoachia mvuke ukizidi, ikafunguka, kisanduku kikaanza kuzunguka kwa kasi sijawahi kuona, kikitema kitu cha rangi ya kahawia. Kikanyunyizia ukuta. Kikanyunyizia karatasi zangu. Kikanyunyizia shati la Otieno kutoka kola hadi mshipi. Kitu hicho kilitufikia kikiwa vuguvugu, hakuna aliyeungua, lakini stoo yote ilinukia tangawizi na maziwa.

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya nduma.

"Hiyo ni chai yangu?"

Injinia Nafula akavua miwani, akaipangusa. "Nilidhani huku mnakunywa maji moto kwa sababu ya afya," akasema.

Huku. Kibugu, ambako mashamba ya majani chai yamefika hadi mlango wa choo.

"Mimi niliongeza sukari," Otieno akasema polepole.

Nilitamani kuingia ndani ya tangi nijifungie. Lakini Injinia Nafula alikuwa ameshakisogelea kisanduku, anaichungulia valvu.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi, madam."

"Tundu liliziba, na ikafunguka yenyewe kabla tangi lipasuke?"

"Ndiyo, madam."

Akainama kuichungulia tena, mimi nikihesabu matone yakidondoka. Kisha akasema, "Isafishe. Ulete Nairobi mwezi ujao. Maji tutakupa sisi."

Otieno ameenda na fulana ya baba, ya wanaume wa kanisa, inayomfika magotini. Mama amewapikia chai nyingine, na amewamiminia yeye mwenyewe.

Saa hii nimekaa stoo, natoa maziwa yaliyoungua kwa tundu ambalo hata sisimizi hawezi kupita, nikitumia sindano ya kushonea. Anayetaka kucheka aje na sindano yake.