Uzinduzi wa Udhamini wa Programu Huria

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. (Makofi) Waheshimiwa manaibu wangu wawili, pamoja na naibu wa naibu. Bwana Mkuu wa Chuo. Bibi Mkutubi, mwenye ukumbi wake. Ndugu zetu wa Jumuiya ya Programu Huria. Wanangu wanafunzi kumi na wawili mlioketi sakafuni kwa kuwa viti ni vya itifaki. Mabibi na mabwana.

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, kwa mujibu wa tathmini ya ofisi yangu, umepanda kwa asilimia arobaini na moja tangu niteuliwe. (Makofi)

Miezi mitatu iliyopita jumuiya hii ilinijia ofisini ikasema, "Mheshimiwa, vijana wetu wanatengeneza programu ya kuwasomea vitabu wasioona. Mfadhili yuko tayari kuwadhamini mwaka mzima, ila anataka barua yako, ukurasa mmoja tu." Mmoja! Nikawaambia, ndugu zangu, haraka haraka haina baraka. Barua ya mheshimiwa haisainiwi mezani kama risiti ya sukari. Husainiwa jukwaani, mbele ya kamera, kwa kalamu iliyofungwa utepe. Hapo hapo nikaunda kamati ya utepe, ambayo imekaa vikao tisa na kutoka na rangi mbili. (Minong'ono)

Sambamba na hilo, katika framewoki ya kapasiti bildingi na mastaplani ya sinaji, yaani ushirikiano, baina ya wadau, nikahoji: hii programu huria, analindaje mtu mali ambayo kila mpita njia anaweza kuisoma? Wakanijibu ndivyo ilivyo, kila mtu anaisoma, anairekebisha, anampa mwenzake. Nilikosa usingizi! Nikaagiza ichapwe yote, kurasa elfu tatu mia mbili na sita, igongwe muhuri wa SIRI na ifungiwe kabatini mwangu. Leo natamka kwa fahari kwamba tunayo programu huria ambayo hata kunguni hajaiona. (Kicheko. Mpiga picha wa ofisi anapiga makofi peke yake.)

Yule binti kiongozi wa vijana hao watengenezaji alinifuata koridoni. "Shikamoo, baba. Kaka yangu haoni, na mtihani wake umekaribia. Tukimaliza hii kazi atajisomea mwenyewe, hatanisubiri mimi nirudi. Naomba usaini tu, baba." Binti, nilikusikia sana. Nilikujibu marahaba. (Sauti kutoka sakafuni: "Na barua je?") Walinzi, mwacheni, ana haki ya kuuliza baada ya mimi kuondoka.

Sasa, kalamu! (Utepe unanasa kwenye kifungo cha koti. Manaibu wanasaidia.) Nimesaini! (Vigelegele kutoka meza kuu) Udhamini, oyee! Vijana, oyee! Kabati, lidumu!

Kabla sijaketi, namshukuru katibu wa jumuiya kwa kikaratasi hiki alichoniletea kwa adabu. Kinasema mfadhili alifunga maombi Ijumaa iliyopita, nafasi zimekwenda kwa wengine, na udhamini ninaouzindua haupo wala haukuwahi kuwapo. Ahsante sana, katibu. Hilo lisitutie unyonge, maana kilichozinduliwa kimezinduliwa. Na wewe binti, futa machozi, mwanangu. Hotuba hii imerekodiwa yote. Mpelekee kaka yako asikilize.