Mguu wa Kushoto Hautaki Kazi

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki tena. Tangu kiharusi kinipige, Mama Mazoezi ananifundisha kutembea upya. Leo kaniamuru niinuke kitini bila kushika kitu. Niketi. Niinuke. Mimi kinyozi, si pampu! Fundi Saa, mgonjwa mwenzangu, anainuka kama mkate uliotiwa hamira. Kanitazama kwa huruma. Akae nayo.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda na mto wa kitandani, nikaukalia. Kiti kikawa kirefu, kuinuka kukawa mchezo. Akili ni mali! Mama Mazoezi kanisifu, kisha kauchomoa mto na kuniletea kigoda. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Niliinuka, lakini shati ungelikamua.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji, anayenishikia saluni, kaja kunijulia hali. Mke wangu kauliza nitarudi lini kazini. Nikajibu kuwa kinyozi hodari hunyoa ameketi, nikamkalisha kaka yake nimwoneshe. Kisogo nilikiweza. Utosini mkono haukufika, nikakwama. Shemeji kaondoka kajifunga kitambaa cha dada yake kichwani.
Nikajifungia bafuni. Maji yalinitoka machoni, si ya sabuni. Mke wangu akasema kutoka nje ya mlango: "Baba, mikono yako haijasahau kazi. Tuusaidie huo mguu."

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kausaidia mguu kweli: kaamua tufanye mazoezi pamoja, asubuhi. Nikatoroka kwa mlango wa nyuma. Mkongojo mkono mmoja, ukuta wa jirani mkono wa pili. Nikavuka barabara. Nikapumzika kwa fundi viatu, nikaendelea hadi saluni yangu. Imefungwa. Nikakaa kizingitini, pumzi juu.
Mke wangu kanikuta huko. Nilingoja anigombeze. Akacheka hadi akaegemea mlango, kisha akafuta machozi. Alisema hajawahi kuona mtu anayeyakimbia mazoezi kwa miguu yake. Tulirudi polepole, kanishika kwapani.

Jumatatu, 11 Machi
Mama Mazoezi kanitazama nikitembea, kafurahi. Mguu umepata nguvu, anasema. Tuzidishe kuinuka na kutembea. Nikaitikia kwa adabu. Maskini, hajui kitu.
Fundi Saa kaninong'oneza nimpe siri. Nikamwambia: kukwepa mazoezi. Tumekubaliana niende kwake kila alasiri nimfundishe kukwepa. Anakaa ng'ambo ya soko, ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Nitakwenda kwa miguu; nikiomba nauli, mke wangu atashuku.